Mteja ana simu mkononi, lakini neno lake linakaa wapi?

Ukitizama picha za hoteli za Paje na Jambiani, hapa kwetu Unguja, mtandaoni utaona bahari imejaa mpaka ukutani, maji ya buluu, mgeni kakaa kwenye bembea miguu inagusa maji. Picha sio ya uongo, imepigwa pale pale, ila imepigwa maji yamejaa. Sisi tunaokaa huku tunajua upande ule maji yakipwa yanakwenda mbali, khasa bamvua, siku za maji makubwa, unatembea kwa miguu unawapita kina mama kwenye mashamba yao ya mwani unakaribia mwambani. Miaka yote mgeni habari hiyo alikuwa anaipata siku anayofika na mabegi yake na pesa ameshalipa. Siku hizi anaipata akiwa kwao Italia au Poland, mana aliyekuja kabla yake kaipiga picha bahari imekauka kaiweka TripAdvisor, mtandao ambao wasafiri wanaandika maoni yao, au Google Maps na chini yake kaandika saa za maji. Wengine wakishasoma wanahamia Nungwi na Kendwa ambako maji hayaendi mbali vile.

Mimi hapo ndo ninapoanzia kila nikiisikia hii kauli wanayoipenda vijana wetu wanaosomea masoko, kwamba intaneti imezinyang'anya kampuni nguvu ya kujitangaza ikampa mteja. Nakubali nusu yake. Nusu nyengine siikubali kwa sababu mimi mwenyewe ni mteja na najua nikishikwa pahala pabaya nguvu hiyo sinayo.

Tuanze na nusu ninayoikubali. Mwanamuziki wa Kanada Dave Carroll alivunjiwa gitaa lake kwenye safari ya United Airlines mwaka 2008, akafuatilia fidia kwa miezi anakataliwa, mwaka 2009 akatunga wimbo akauweka YouTube, mamilioni wakautizama na kampuni iliyokuwa haina muda naye ikaanza kumtafuta yeye. Mwaka 2010 kampuni ya nguo ya Gap ilibadilisha nembo yake, watu wakaikataa mtandaoni na kama wiki moja tu ikarudisha ile ya zamani. Lakini tusisahau Coca-Cola walibadilisha ladha ya soda yao mwaka 1985, hakuna intaneti mitaani, Wamarekani wakapiga simu na kuandika barua mpaka baada ya siku 79 ikarudi ladha ya mwanzo. Kwahiyo mteja kukasirika na akasikilizwa sio jambo jipya. Kilichobadilika ni kuwa siku 79 zimekuwa wiki, na kwamba mtu mmoja mwenye gitaa bovu anaweza kufanya kazi iliyokuwa inahitaji maelfu ya barua.

Hapa kwetu nakumbuka Aprili 2021, vifurushi vya simu vilipopanda bei ghafla, mitandao ikawaka nchi nzima bara na visiwani, na mara ile ile ikatoka amri bei zirudi zilipokuwa. Nilifurahi kama kila mtu. Ila ukiangalia vizuri, kampuni za simu hazikurudi nyuma kwa kumuogopa mteja, zilirudi kwa sababu serikali ilisikia kelele ikaamuru. Mteja alikuwa na sauti, mkono wa kugeuza bei haukuwa wake.

Sasa nusu ya pili. Mwaka jana joto limezidi na umeme unakatika nikaagiza feni ya chaji kutoka ukurasa mmoja wa Instagram, siutaji jina. Bei haikuandikwa, imeandikwa njoo inboksi. Nikaenda, nikaambiwa bei, nikaambiwa inakaa na chaji saa sita, nikatuma pesa kwa simu, mzigo ukaja na boti baada ya siku tisa. Feni ile haikai nusu saa. Nikaandika komenti chini ya picha yake kwa adabu kabisa, sikutukana mtu, nikasema tu nimenunua na haikai na chaji. Dakika kumi hazijafika komenti haipo. Nikaandika tena, nikablokiwa. Ukurasa ule mpaka leo upo na komenti zote ni mioyo, sasa wewe unaekuja mpya utajuaje?

Nikafikiria kama ile feni ningeinunua dukani Darajani, sokoni mjini. Ningeirudisha mchana, pale dukani wapo wateja watatu wamesimama, jirani wa duka la pili anasikia, mwenye duka asingetaka nianze kuhadithia mbele zao, angenibadilishia au angalau tungepatana katikati, kwa sababu anajua jioni yale maneno yatafika barazani watu wanapokaa kuzungumza na kesho yatakuwa mtaa mzima. Hakuwa na kitengo cha huduma kwa wateja, alikuwa na haya na alikuwa na majirani. Nguvu ya mteja kwetu siku zote ilikuwa ni hiyo, maneno kusikika na watu wengine. Kwenye inboksi mimi na muuzaji tupo wawili tu kama tumefungiwa chumbani na ufunguo anao yeye, anafuta anachotaka na anamtoa anaemtaka. Yaani pahala pale pale tunapoambiwa tumepewa nguvu ndo pahala tulipovunjiwa baraza.

Na watu wengi hawasemi hata wakitapeliwa. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inatumika bara na huku, na kuchapisha taarifa za uongo ni kosa ndani yake, basi mtu hana risiti, ana skrinishoti mbili za mazungumzo, anaogopa akisema ataambiwa yeye ndo muongo, anaona bora anyamaze pesa yake ipotee. Mimi pia nilipokwisha kublokiwa nilinyamaza.

Lakini nimekaa na wauzaji vilevile na wana lao. Jirani yangu Mwanakwerekwe anauza udi na vipodozi kupitia simu, nikamuuliza kwanini unaficha bei, akaniambia dada, mzigo huu tunachukua watu ishirini kwa tajiri mmoja, nikiandika elfu thelathini mwengine ataandika ishirini na nane kesho na mtoto wangu hatakula. Akanionesha na ujumbe wa mteja aliyemwambia nipunguzie nusu au nakuposti kuwa wewe tapeli. Hakuwa amemtapeli chochote, mzigo hata hajautuma. Ile iliniuma kusema kweli, mana nguvu ile ile ninayoilalamikia kuwa sina, kuna anaeitumia kumkaba mwanamke anaeuzia barazani kwake.

Na kwenye mahoteli ndo uzito wake unaonekana zaidi. Mdogo wangu anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani. Anasema zamani mgeni akilalamika AC mbovu malalamiko yanaishia kwake, mwenye hoteli hajui wala hajali, sasa fundi anaitwa siku hiyo hiyo kabla mgeni hajaandika. Hilo ni zuri, mgeni kapata haki na hata wafanyakazi wanafanya kazi na vitu vizima. Lakini kuna mgeni aliyewapa mtandaoni nyota mbili katika tano kwa sababu ya adhana ya alfajiri, na mwengine kwa sababu bahari imekupwa. Wafanyakazi wakaitwa kikao wanaulizwa nyota zimeshukaje, wajibu nini? Profesa Michael Luca wa Harvard aliichunguza Yelp, mtandao wa Marekani ambao wateja wanazipa biashara nyota, na mikahawa ya mji wa Seattle, mwaka 2011 akaonesha nyota moja ikizidi mapato yanapanda baina ya asilimia 5 na 9, na athari hiyo aliiona kwa mikahawa inayojitegemea, sio ile ya kampuni zenye matawi kila pahala. Maana yake anaetetemeka kwa nyota sio jina kubwa. Ni yule mwenye vyumba sita Jambiani.

Tena nyota zenyewe zinachezewa. Mwaka 2017 Oobah Butler, mwandishi wa London, alilipandisha banda la bustanini kwake mpaka likawa mkahawa namba moja wa London kwenye TripAdvisor, na mkahawa haukuwepo, ni rivyu, yaani maoni ya wateja, za uongo tupu. Marekani tokea Oktoba 2024 ipo kanuni inayokataza kuuza na kununua rivyu za namna hiyo. Huku kwetu influensa, mtu mwenye wafuasi wengi mtandaoni, analipwa kusifia sabuni na hasemi kama kalipwa, nasi tunamuamini kwa kuwa tumemzoea.

Nnavyoona mimi basi, nguvu ilitoka kwa kampuni kweli, ila njiani imeshikwa na wengine. Mgeni anayo kwa sababu neno lake linawekwa pahala ambapo hoteli haiwezi kulifuta, inaweza kujibu tu. Mwenye ule mtandao wa kuwekea maoni anayo zaidi, mana yeye ndo anaepanga nani atokee juu, na hoteli ikipata mgeni kupitia mtandao wa kukodia vyumba kama Booking.com inakatwa kamisheni. Mwenyeji anaenunua feni hana, kwa sababu neno lake lipo ndani ya nyumba ya muuzaji.

Wifi yangu yupo Wete, Pemba, na wenzake wamefungua grupu la WhatsApp, kila anaetaka kununua kitu mtandaoni anauliza kwanza humo kabla hajatuma pesa, nani kashawahi kununua hapa, mzigo ulifikaje. Siku moja kaniuliza ule ukurasa wa feni, nikampelekea skrinishoti zote, na jioni ile ile wanawake watatu wakajibu kuwa wametumiwa feni hizo hizo, mmoja Chake na wawili Mkoani, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Humo hakuna aliyenunua tena. Aliye nje ya grupu akifungua ule ukurasa leo anaiona mioyo tu.