Na mwalimu je?

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anauliza kama fujo za watoto wa chekechea hapa Marekani zinatokana na rangi au malezi. Mbona amemsahau mwalimu? Takwimu za Idara ya Elimu za mwaka wa masomo 2013–14 zilionyesha watoto weusi walikuwa asilimia 19 ya waliosoma chekechea za umma, lakini asilimia 47 ya waliosimamishwa. Mtoto wa miaka minne, jamani, anasimamishwa shule!

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiongozwa na Walter Gilliam, waliwaonyesha walimu video ya watoto wanne na kuwaambia wawe macho utundu ukianza. Hakukuwa na utundu wowote, ndio ulikuwa mtego wenyewe. Kifaa cha kufuatilia macho kikawanasa wakimkodolea zaidi mvulana mweusi. Walimu weusi nao wamo, msije mkadhani ni Wazungu peke yao.

Malezi yana nafasi yake, sikatai. Mwanangu nilimfundisha mkubwa akikusemesha unainamisha macho, ndivyo tulivyolelewa Tanga. Siku moja naitwa shuleni: eti ana kiburi, akisemeshwa anatazama viatu. Nikamkuta kwenye kiti cha kona, mikono mapajani, katulia tuli. Nilicheka kwanza, hasira zilinijia baadaye, garini. Siku hizi anajua: shuleni macho juu, akisalimiana na bibi kwenye simu macho chini. Ana miaka mitano.