Sweta ya nini Lamu? Tudizaini vitu vya kwetu

Tuseme ukweli jamani, sweta ya shingo ndefu haina kazi Lamu. Hata Julai kusi likivuma usiku kucha, ukijitanda leso umemaliza. Lakini fungua simu ya msichana yeyote hapa anayejifunza krosheti, kufuma kwa sindano ya ndoano, uangalie kile alichosevu, ni sweta, skafu, kofia za kuziba masikio na blanketi zito kama la msafara wa theluji, na ukimuuliza utamvalia nani anacheka tu, anasema aunti ni mazoezi. Sawa, mazoezi ni lazima, mkono haujui bila kurudiarudia, mie sina neno na hilo. Neno langu ni kwamba mazoezi hayo yamegeuka ndiyo kazi yenyewe, miaka inapita mtu bado anafuata paterni ya mwanamke wa Norway ambaye kwao dirisha lina barafu, hajawahi kukaa chini akajiuliza mie niliyeko mtaa wa Mkomani nyumba ya mawe, joto la kaskazi, chumvi hewani, nifume nini.

Na siku hizi tuko wengi tunaofanya kazi hizi nyumbani, wengine krosheti, wengine cherehani, wachache sana sindano mbili za kufumia sweta, wanauza kwa status za WhatsApp na pesa inaingia kwa M-Pesa. Kwa hiyo haya siyo mambo ya kupitisha wakati peke yake.

Tuanze na uzi maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Uzi unaopatikana kirahisi ni ule wa akriliki, bei nafuu, rangi tele, na mkononi ni laini mashallah. Lakini akriliki ni plastiki, hainywi jasho, mvalishe mtu blauzi ya akriliki mwezi wa Februari uone kama ataivaa mara ya pili. Pasi nayo ikiwa kali kidogo imeshaisha, inalala inang'aa na hairudi tena. Kwa nguo ya kugusa mwili hapa pwani mie nasema pamba basi, akriliki iwekee midoli na mapambo. Pamba ina taabu zake, ni nzito, ikilowa inavutika, na wakati wa masika inachelewa kukauka mpaka ikaota koga usipoiangalia, ndiyo maana dizaini ya pamba hapa lazima iwe na matundu, hewa ipite, nguo iwe nyepesi, siyo ile singo, mshono mfupi wa krosheti, iliyobanana kama gunia. Halafu uagize wa kutosha mara moja. Uzi mzuri wa pamba wengi tunautoa Mombasa, unakuja na basi mpaka Mokowe upande wa bara, unavushwa na boti, sasa ukipungukiwa donge moja ukaagiza tena baada ya wiki mbili unaletewa rangi ile ile kwa jina lakini loti nyingine, yaani umetiwa rangi mara nyingine, na ukiiunga mstari unaonekana kutoka mlangoni. Angalia namba ya loti kwenye karatasi ya donge, zote zifanane.

Sasa dizaini. Watu wakisikia dizaini wanafikiri lazima uwe umesoma chuo. Hebu inua macho ukutani. Nyumba zetu za zamani zina zidaka, vile vijumba vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, na milango ina nakshi za maua na minyororo, wageni wanapanda ndege kuja kupiga picha, Mji Mkongwe wa Lamu umeingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na sie tunaopita hapo kila siku tunakopi waridi la krosheti kutoka Pinterest. Kuna mtindo wa krosheti wa vijumba, wengine wanauita file, ambao ni kama umezaliwa kwa ajili ya zidaka. Unachora kwenye daftari la hesabu lile la vijumba, kijumba cheupe ni tundu, kijumba ulichopaka penseli ni kilichojaa. Tundu unalifanya kwa dabo moja, ule mshono mrefu, cheni mbili, vile vitanzi vya mnyororo, halafu dabo, na kilichojaa badala ya zile cheni mbili unaweka dabo mbili, basi. Hesabu yake nyepesi, zidisha vijumba kwa tatu ujumlishe moja, kwa hiyo pazia la vijumba 30 kwa upana lina mishono 91, dabo na cheni pamoja, na ukitaka safu ya zidaka unachora kila kidaka na kichwa chake cha juu kilichochongoka, nafasi ya ndani unaiacha wazi, pembeni panajaa. Pazia kama hilo kwenye dirisha la kutazama kichochoro linafanya kazi ambayo sisi pwani tunaitaka kila siku, mchana wewe uliye ndani unaona nje, aliye nje haoni vizuri ndani, na upepo unapita.

Ila kabla hujaanza pazia fuma sampuli, kipande cha sentimita kumi kwa kumi hivi, ukioshe, ukikaushe, ndiyo upime. Najua hakuna anayependa sampuli. Lakini vijumba vya dabo havitoki mraba kamili kwa kila mkono, mwingine anavuta uzi, mwingine analegeza, na zidaka ulizochora vizuri kwenye daftari zinaweza kutoka fupi nene au zikarefuka kama minara, na pazia ni kitu kirefu, hakuna atakayekuonea huruma ufumue.

Kitu kingine ni kofia. Lamu na Siyu kofia za vito zinashonwa kwa mkono tangu zamani, ni kazi ya miezi siyo ya siku, kila kitundu kinazungushiwa uzi kimoja kimoja, na mwenye jicho akiishika anajua papo hapo kama ni ya mkono au ya mashine, maana ya mkono ukiinua kwenye mwanga matundu yake ni matundu kweli, kichwa kinapumua. Sisemi kila mtu ashone kofia ya vito, ile ina wenyewe na inataka subira ambayo mie sina. Nasema angalia umbo lake. Kofia ile ni vitu viwili tu, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Ukiingiza umbo hilo kwenye krosheti ya pamba unapata kofia ya kuswalia nyepesi ya mzee au ya mtoto wa madrasa ambayo haifanani na lile bini la baridi linalovutwa mpaka masikioni.

Na hapa hesabu zinasaidia, wala siyo ngumu. Duara la singo linaanza na sita, kila raundi unaongeza sita, raundi ya pili 12, ya tatu 18, ya nne 24, linakaa bapa. Ukiongeza pungufu linajikunja kama bakuli, ukizidisha linatoa mawimbi. Kichwa cha sentimita 56 toa mbili kwa sababu krosheti inavutika, inabaki 54, gawa kwa 3.14 unapata kama 17, kwa hiyo duara lako likifika sentimita 17 kutoka ukingo mpaka ukingo acha kuongeza. Raundi moja ifanye kwa kushika uzi wa nyuma wa kila mshono peke yake, ndiyo inayotoa ile kona kali kati ya juu na ukanda, bila hiyo unapata kofia ya mviringo kama ya kuogelea. Kuanzia hapo unapanda moja kwa moja, na ukanda ndio uwanja wako, weka matundu, weka nyota, weka chochote ulichokiona mlangoni kwenu. Mwisho kanji, ya wanga, siyo sukari. Wako wanaokaushia vitambaa na kofia kwa maji ya sukari, vinasimama vizuri kweli, na asubuhi sisimizi wameshaandika barua.

Tukija upande wa cherehani, ugonjwa wetu ni leso. Kila mtu anashona vitu vya leso sasa, gauni, mkoba, kimono, ala ya mto, na mie napenda sana, lakini leso siyo kitambaa cha mita unachokata popote. Leso ina pindo la kuzunguka, ina mji wa katikati, ina jina lililoandikwa, tayari imedizainiwa na mtu mwingine, kazi yako ni kuelewana naye. Nimeona mtaani shati limekatwa kwenye leso iliyoandikwa WEMA HAUOZI, fundi kakata bila kuangalia, mvaaji anatembea tumboni kaandikwa HAUOZI. Pindo likae chini ya gauni au kwenye mkono, mji ukae katikati ya mgongo au ya mkoba, jina ama libaki zima ama lisionekane kabisa. Itabidi utumie kitambaa kingi zaidi na vipande vibaki, ndiyo, vipande hivyo fanyia bitana na mifuko ya ndani. Na leso mpya ioshe kabla ya kukata, ile ya dukani ina kanji, ukiosha inalainika na inaweza kurudi kidogo, na rangi nyekundu na nyeusi huchuja. Kuloweka kwa chumvi kila mtu anakushauri, kwa niliyoyaona inachuja vile vile, bora uoshe peke yake mpaka maji yawe meupe.

Kikoi ni rahisi zaidi kwa anayeanza, mistari yenyewe inakuongoza mkasi, na yale matamvua usiyakate, yapeleke kwenye ukingo wa taulo au mtandio.

Sindano mbili sitakaa sana. Kama una ndugu Limuru au kastoma Ulaya mfumie sweta, pesa ni pesa. Kwa hapa naona vitambaa vya kuoshea vyombo na vya uso vya pamba vinatosha, navyo watu wanavinunua.

Mambo madogo ya huku kwetu ambayo video za YouTube hazikwambii: usiache pini wala sindano kwenye kitambaa ikalala, hewa ya bahari inatia kutu na doa lake halitoki kirahisi. Cherehani itie mafuta na uifunike hata kama unaitumia kila siku. Midoli jaza sufi kama unaipata, mito yetu ilikuwa ya sufi siku zote, ila acha mshono mmoja wa kufumuka kirahisi maana sufi ikioshwa ndani yake inaganda mabonge, itoe kwanza, osha ngozi, kausha, rudisha.

Sasa bei, na hapa ndipo napotaka mnisikilize. Wengi wanalalamika kastoma anawapigia bei chini, anasema mbona mtumba sweta kama hii ni shilingi mia mbili. Hasira zinapanda, najua, mie mwenyewe nimewahi kurudishiwa mkoba na mwenye duka moja ati nishushe nusu kisha yeye aandike bei mara tatu. Lakini tukae tufikiri kidogo. Kama ulichofuma ni kile kile kinachopatikana kwenye marobota ya mtumba, kastoma hajakosea kulinganisha, umempa mwenyewe kitu cha kulinganishia. Pazia la zidaka hana pa kulilinganisha. Kofia ya pamba yenye nakshi ya mlango wa mtaa wa Langoni haiko kwenye robota. Hapo ndipo unaweza kuhesabu uzi wako, ukahesabu saa zako, ukataja bei na ukanyamaza. Na ile paterni ya Norway nayo ina mwenyewe, aliyekaa akaichora na akaiuza, kuigeuza biashara bila kuangalia kama ameruhusu siyo adabu, hata kama hatakuona.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya kizamani, vijana wanataka vitu vya kisasa. Wapi? Vijana hao hao ndio wanaojipiga picha milangoni Shela kila wikendi. Na wengine watasema tukifanya vitu vya kwetu tunawafanyia watalii. Mie pazia langu halijawahi kununuliwa na mtalii hata mmoja, wanaoniagiza ni mabibi arusi na mama zao, wanataka nyumba mpya ifanane na ya nyanya yake lakini isiwe na vumbi la nyanya yake.

Ninachokitafuta sasa hivi ni mikeka. Ile ya zamani ya ukili wa rangi, zambarau na kijani na nyeusi, ukili kwa ukili umeunganishwa mpaka mistari inakimbizana kwa mshazari, hiyo ukiihamisha kwenye daftari la vijumba unapata blanketi jepesi la mtoto au mkoba ambao sijauona popote. Mwenye mkeka wa namna hiyo ndani, hasa kutoka kijiji cha Matondoni, hata kama umekatika pembe, anipigie picha juu kabisa, mkeka umelala bapa na mwanga wa asubuhi, nitauchora na nitamrudishia mchoro afume mwenyewe.