Chozi Huyu, Si Chozi Hili

Niliitwa kwa mjumbe Jumamosi baada ya alasiri. Shitaka lilikuwa fupi: kwamba mimi, mpangaji wa ghorofani, mtu mzima mwenye ndevu zangu, nimekutwa asubuhi nikichungulia bafu la jirani kwa mzinga.

Mzinga ndiyo lenzi yangu. Jina hilo walilitoa watoto wa mtaani siku niliyoingia nayo, na ukiiona huwezi kuwalaumu. Ni lenzi ya zumu, milimita 75 mpaka 300, na ukiizungusha kwenda 300 inarefuka mbele kama shingo ya kobe anayetafuta maji. Niliinunua Kariakoo, ya mtumba, pamoja na kamera yake, kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya friji. Mpaka leo soda nakunywa ya moto.

Fundi aliyeniuzia alinionya kwamba lenzi na hewa ya pwani hazipatani. Ukiifungia kabatini miezi miwili unaikuta imeota kuvu ndani ya kioo kama mkate. Kwa hiyo naihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nimeizungushia vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vilivyoandikwa visiliwe. Nimevikusanya kwa watu wengi. Kuna ndugu zangu wanaamini nafanya biashara.

Wiki ya kwanza nilizunguka mjini. Nilikwenda Feri kuwapiga mwewe wanaposhuka kunyakua matumbo ya samaki, nikarudi na picha sitini za mbingu. Nikapiga pantoni ikitoka Magogoni kwenda Kigamboni. Hiyo ilitoka, kwa sababu pantoni haina haraka. Picha nzuri kuliko zote ilikuwa ya Mnara wa Askari, kunguru ametua juu ya kofia. Askari yule wa shaba amesimama pale na singe yake ameielekeza bandarini tangu 1927, na naweza kusema ndiye mtu pekee katika jiji hili aliyewahi kunisubiri. Kunguru mwenyewe ni mgeni kama mimi: asili yao India, wakaletwa Unguja miaka ya 1890, wakavuka bahari, na sasa mji ni wao.

Pale pale mnarani kijana mmoja alinijia. "Bosi, nipige na mimi." Akasimama hatua moja mbele yangu, akakunja uso kama msanii. Lenzi ikaanza kulia zzz, zzz, ikienda mbele na nyuma. Hii lenzi haioni kitu kilicho chini ya mita moja na nusu. Ukiisogelea inakuwa kama mzee aliyesahau miwani. Nikarudi nyuma, yule kijana naye akanifuata akidhani namkimbia, tukaenda hivyo mpaka karibu na barabara. Liweke akilini hilo la mita moja na nusu.

Sasa, chozi.

Wengi mtaani kwetu wanamwita "ndege" tu, wakamaliza. Ni mdogo kuliko shomoro, ana mdomo mwembamba uliopinda kama sindano ya kushonea mikeka, na dume lake likipigwa na jua linawaka kijani, na kifuani ana mshipi wa zambarau. Nasema likipigwa na jua, maana kivulini hana rangi yoyote. Utadhani kipande cha mkaa. Ule mng'ao hautokani na rangi, unatokana na jinsi manyoya yanavyoirudisha nuru. Kwa hiyo huwezi kumpiga saa utakayo wewe. Unasubiri jua lifike alipo.

Na alipo, ndiyo kesi yenyewe. Chozi anapenda utamu wa ua la mgomba. Migomba, kama mjuavyo waliokulia uswahilini, haipandwi popote. Inapandwa pale maji ya bafu yanapotokea, inajinywea na kunenepa. Bafu la jirani ni la mabati, halina paa, liko uani, na mgomba uko nyuma yake pua na mdomo. Ua linaning'inia juu ya bati kama taa. Kutoka roshani yangu ni mita kumi na mbili hivi. Jua linalifikia saa moja na nusu asubuhi.

Saa moja na nusu asubuhi ndiyo saa watu wanayooga.

Naapa sikuwahi kuyaunganisha mambo haya mawili. Akili yangu yote ilikuwa kwenye hesabu. Kwa lenzi ya 300, mkono ukitetemeka kidogo tu picha inatetemeka sana, kwa hiyo kamera inatakiwa ifumbe na kufumbua ndani ya sehemu moja ya mia tano ya sekunde, au chini ya hapo. Chozi naye hatulii. Ananing'inia kichwa chini, ananyonya mara mbili, anageuka, ameshakwenda. Kwa wiki tatu nilikuwa nampiga ua, nampiga jani, nampiga mahali alipokuwa.

Jumamosi hiyo niliamka nimechelewa, nikakimbilia roshani nilivyo: msuli kiunoni, kifua wazi, mzinga mkononi. Nikaegemeza viwiko kwenye ukuta, nikavuta mpaka 300. Chozi akaja. Akatua juu ya ncha ya bati, juani, akang'aa. Nikashusha pumzi. Nikaanza kubonyeza, na wakati huo huo mlango wa bafu ukafunguka.

Jirani alitoka na ndoo, kajifunga kanga mbili, moja kifuani na moja mabegani. Nadhani kioo cha lenzi kilimulika. Akainua uso. Na mimi jicho langu lilikuwa bado kwenye kamera, kwa hiyo simwoni kwa mita kumi na mbili. Namwona kana kwamba tumekaa meza moja. Kichwa na mabega, fremu nzima. Kilikuwa kitu cha kwanza kuonekana vizuri kwa wiki tatu.

Mtu mwenye akili angeingia ndani. Mimi nilimpungia mkono.

"Shikamoo, mama!"

Sitaandika alichonijibu. Haikuwa marahaba.

Kwa mjumbe kulikuwa na benchi mbili. Moja amekaa jirani na mumewe, ya pili nimekaa mimi na kamera. Mlangoni watoto, dirishani watoto. Mjumbe ni mzee mtaratibu, msomaji wa magazeti, ana miwani ya kusomea na miwani ya kutazamia watu. Katibu wake ni mwalimu mstaafu mwenye daftari la kaunta, anaandika kila neno, na ukikosea sarufi anakutazama.

"Mwanangu," mjumbe akaanza, "mama yako huyu anasema ulikuwa unamchungulia. Wewe unasemaje?"

"Mzee, nilikuwa napiga picha chozi."

Kimya.

"Chozi?"

"Ndiyo, mzee."

Mjumbe akamgeukia jirani. "Ulikuwa unalia?"

"Nilie nini? Mie natoka kuoga!"

"Sasa hilo chozi lilitoka wapi?"

"Si hilo chozi, mzee," nikasema. "Huyo chozi."

Katibu akanyanyua kalamu. "Chozi ni li-ya. Chozi hili, machozi haya."

"La machoni, ndiyo, mwalimu. Lakini huyu ni ndege. Chozi huyu."

"Ndege anaitwa chozi?"

"Anaitwa chozi."

"Wingi wake?"

"Machozi."

"Machozi haya?"

"Machozi hawa."

Mume wa jirani, aliyekuwa kimya muda wote, akasema taratibu, "Huyu anatuchezea." Katibu hakumsikia, alikuwa ananong'ona mwenyewe, "machozi hawa, machozi hawa", na uso wa mtu aliyefundisha miaka thelathini na leo kapewa swali asilolijua. Mwishowe akaandika, na nikaona amepigia mstari.

Mjumbe akasema ushahidi uko kwenye kamera, na kamera ifunguliwe. Akabadilisha miwani. Zilikuwa picha 412. Nikasogea katikati, wazee wakanizunguka, nikaanza kubonyeza.

"Hii ni nini?"

"Jani la mgomba, mzee."

"Na hii?"

"Jani."

"Ndege yuko wapi?"

"Alikuwa ametoka kidogo."

Tukaenda hivyo. Jani. Ukungu wa kijani. Ua, ndege hayupo. Nusu ya bati. Mkia wa kitu. Mbingu. Kidole changu. Kufika picha ya mia mbili mume wa jirani alikuwa ameanza kunionea huruma. Aliniuliza kama macho yangu nimewahi kuyapima. Watoto wa dirishani walikuwa wanahesabu kwa sauti, na kila nikibonyeza wanasema, "Hamna!" Ikaonekana rangi ya buluu nyuma ya jani moja, mjadala ukazuka kama ni mtu au ndoo. Ikaamuliwa ni ndoo.

Picha ya mia nne mjumbe alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mama," akamwambia jirani, "huyu kijana hachungulii. Hana uwezo huo. Hata angetaka."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeshashinda kesi na nimeshainamisha kichwa kwa aibu, vyote kwa pamoja. Nikanyoosha mkono kuizima kamera. Lakini katibu ni mtu wa kumaliza kazi. "Zilisemwa 412," akasema. "Tumeona 411." Akabonyeza mwenyewe.

Nilisahau kwamba kidole changu kilikuwa kimeshashuka.

Jirani alikuwa hapo, fremu nzima, safi kama picha ya kalenda. Kanga imemfunika mabega yote, adabu tupu, lakini mdomo uko wazi mpaka magego, kidole kimenyooshwa kwenye lenzi, na kwenye paji la uso ungeweza kuhesabu matone ya maji moja moja. Na juu ya bega lake la kushoto, kwenye ncha ya bati, jua limempiga, kijani kinawaka, mshipi wa zambarau, mdomo uliopinda, hata ukucha unaonekana: chozi.

Huyo. Wa kwanza na wa pekee.

"Mnamwona?" nilipiga kelele. "Mnamwona! Huyo hapo!"

"Kumbe yupo," akasema mjumbe.

"Chozi huyu," akasema katibu, polepole, akiandika.

Jirani aliinama akaitazama picha kwa muda. Nikadhani atalainika, maana kwa kweli nimewaona watu studioni wakilipia picha mbaya kuliko ile.

"Futa," akasema.

"Mama yangu, ndege huyu nimemtafuta wiki tatu."

"Nimeachama kama kiboko, na kichwani sijafunga kitu. Futa."

"Nikiikata nusu? Nikuondoe wewe, abaki ndege peke yake?"

Hili nalo halikumpendeza. "Uniondoe mimi, umwache ndege?"

Mumewe alikohoa, akatazama darini. Mjumbe akatoa hukumu. Moja, picha ifutwe mbele ya mashahidi. Mbili, kuanzia leo, kabla sijaelekeza mzinga uani kwa watu, nipige hodi. Nikijibiwa karibu, ndipo nipige picha.

Nikafuta. Kamera iliniuliza kama nina hakika. Watoto wa dirishani wakanijibia.

Tangu siku hiyo, saa moja na nusu asubuhi, natokea roshani nimevaa shati lenye kola. Nasubiri. Chozi anakuja, anatua kwenye ua, jua linamwasha. Navuta pumzi, naita, "Hodi!" Chozi anaruka anakwenda zake. Kutoka chini sauti inaitikia, "Karibu, baba!" Nami napiga picha ya jani.

Jirani hana kinyongo. Siku hizi ndiye mpelelezi wangu; akiwa anafagia uwanja ananiita: "Jirani, mtu wako kaja!" Anajua anakuja na jike lake, anajua wanatangulia ua la upande wa choo kwanza. Juzi alinisahihisha mbele ya wageni wake waliosema "hilo chozi". Katibu angefurahi.

Jana ndiyo imenimaliza. Nimesimama roshani na mzinga, naona jirani anaingia bafuni na ndoo yake, nikaishusha kamera kwa heshima. Mara chozi dume akapanda kutoka kwenye mgomba, akaja moja kwa moja, akatua kwenye kamba yangu ya kuanikia, juu ya soksi. Hatua moja kutoka puani pangu. Juani. Akajikuna bawa. Akanitazama kwa jicho moja, halafu kwa la pili.

Nikainua lenzi taratibu. Zzz, zzz. Nikarudi nyuma hatua. Zzz. Nikarudi nyingine, mgongo ukagota ukutani. Roshani yangu haifiki mita moja na nusu.

"Jirani!" sauti ikatoka bafuni, mabati yale yana tundu, kumbe anaona vizuri sana. "Huyo hapo kwenye soksi! Piga!"

"Yuko karibu mno, mama!"

"Si ndiyo unavyomtaka siku zote?"

Zzz, zzz. Chozi akaniona sina la maana, akaruka, akashuka mpaka kwenye ua la mgomba, akaning'inia kichwa chini katikati ya jua, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Mita kumi na mbili kamili. Nikavuta 300.

"Hodi!" nikaita.

"Naoga!"