Platini haijaisha, imeshikamana

Kuna makala inayosema masega ya eksozi (kifaa cha kauri chenye matundu kama sega la nyuki, kinachosafisha moshi wa gari) hufa kwa sababu platini, metali inayofanya kazi hiyo ya kusafisha, "inaisha". Sivyo. Mara nyingi sehemu kubwa ya platini bado imo humo humo. Kilichoharibika ni jinsi ilivyotandazwa.

Platini haikai moja kwa moja kwenye kauri. Kwanza kauri hupakwa utando wa oksidi, hasa alumina (oksidi ya alumini) aina ya gama, yenye vitundu vingi mno: gramu moja ina eneo la zaidi ya mita za mraba 100. Humo platini hukaa kama chembe za nanomita chache. Joto likipita sana nyuzi 1,000 za Selsiasi, alumina hugeuka aina ya alfa, vitundu vinafumba, na chembe zinazikwa au kuungana. Ndiyo maana alumina huchanganywa na lanthanamu kidogo, metali inayoizuia isigeuke upesi. Hata kwenye nyuzi 800, penye oksijeni nyingi, platini hutoka kama mvuke wa oksidi na kwenda kunenepesha chembe kubwa. Oksidi ya seriamu, metali nyingine, huishika platini vizuri zaidi kuliko alumina, ila ikiishika mno, utendaji hupungua injini ikiwa bado baridi.

Mafundi, tafadhali: injini ikimisi, petroli mbichi huenda kuungulia ndani ya masega na kuleta joto hilo kali. Tengeneza plagi na koili kwanza, ndipo ufunge masega mapya. Na injini inayokula oili hupeleka fosforasi, ambayo hufunika utando kuanzia uso wa mbele.