Sipigi Picha Tena, Nachunga Mafaili

Juzi Mama Zai kaniuliza, tena kwa upole, jambo lililonitisha zaidi: "Baba Zai, hivi siku hizi kazi yako ni nini?"

Nikataka kufoka, kisha nikajitazama. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi, chai imepoa mpaka imeota ngozi, nakodolea macho mstari wa kijani wa kunakili picha, unaosema zimebaki dakika tatu. Zimebaki dakika tatu tangu saa nne. Kwa dakika tatu za namna hiyo mtu anatoka Mbagala Rangi Tatu, anafika Posta, anarudi, na foleni yake. Kamera yenyewe iko kabatini, siku ya nne haijaona jua. Sasa nimjibu nini? Mimi mlinzi, mama. Nachunga mafaili.

Enzi za mkanda mambo yalikuwa mepesi. Mkanda una picha 36, na kila picha ni hela. Bibi harusi akikohoa, unamsubiri amalize. Shangazi akija na kundi lake la watu kumi na wawili, hawamo kwenye mkataba, unawamulika na mwanga tu, picha hakuna. Wanashukuru, wanakwenda kula. Jumatatu unapeleka mkanda kusafishwa, Alhamisi unachukua bahasha, mteja analipa, negativi unazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ofisi nzima ilikuwa ndani ya lile kopo.

Leo harusi moja narudi na picha 1,900. Faili ghafi moja la kamera yangu, yaani picha kabla haijapunguzwa uzito, lina megabaiti 28 hivi. Zidisha mwenyewe: gigabaiti zaidi ya 50, kwa ajili ya watu wawili kuvishana pete. Na humo ndani, picha kama 600 ni mgongo wa baba mdogo wa bwana harusi, aliyesimama mbele yangu na tableti lake kama anazuia penalti.

Mpwa wangu aliyesoma mambo haya akaja kunitazama nikihangaika. "Mjomba, tatizo lako huna wekiflo."

Nikadhani ni dawa ya minyoo.

Kumbe ni utaratibu wa kazi. Akafungua kompyuta yangu, akaguna. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu jamani! Folda zangu zina majina ya kueleweka: "Mama gauni la zambarau", "Kipaimara cha mvua", "Yule mrefu", "Anadaiwa". Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Akafuta majina yote, akapanga kwa mwaka, mwezi na tarehe. Sasa mtu akiingia dukani kuuliza picha zake, namuuliza ilikuwa tarehe ngapi, na yeye hakumbuki, maana mtu gani anakumbuka tarehe ya sherehe aliyochangishwa? Ila gauni la zambarau angelikumbuka.

Nimkubalie mpwa jambo moja: folda tofauti zingeniokoa siku ya sendofu. Kamera yangu inahesabu picha kwa tarakimu nne. Ikifika 9999, inarudi 0001 kimya kimya, haisemi hodi. Mimi nikamimina kadi ya kipaimara ndani ya folda ileile yenye sendofu ya wiki zilizopita. Kompyuta ikauliza: kuna mafaili yenye majina haya haya, niyabadilishe? Mimi nimelelewa vizuri, nikiulizwa swali na mashine sina ubishi, nikabonyeza ndiyo. Nusu ya sendofu ikawa kipaimara. Nikachapa albamu bila kukagua. Yule binti kafungua mbele ya wakwe zake, ukurasa wa kwanza mpaka wa sita anatabasamu na keki, wa saba anamwona askofu.

Baada ya hapo nikafundishwa sheria ya nakala: ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na zile nyingine. Zamani niliegemea Google Photos, lakini hifadhi ya bure isiyo na kikomo ilisitishwa tarehe 1 Juni 2021, zikabaki gigabaiti 15 za bure. Gigabaiti 15 kwangu ni mpaka bibi harusi anashuka kwenye gari. Na kupandisha harusi nzima mtandaoni kwa bando la simu, umeme nao ukijisikia vibaya katikati, ni sawa na kuhamisha Bahari ya Hindi kwa kijiko. Basi nakala ya kwanza ikabaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye hadidiski hapa dukani, na ya tatu nikaipeleka kwa mama mkwe, Chanika. Nikajipongeza: mwizi gani atafunga safari mpaka Chanika kutafuta picha za kipaimara?

Wateja nao hawataki kujua habari hizo. "Kaka, nitumie zote WhatsApp." Zote 1,900! Nikituma, WhatsApp inazipunguza uzito, mteja anarudi: mbona za simu ya shemeji zina ukali kuliko zako? Nikimtumia kama dokumenti zisipungue, anasema anaona majina tu, picha hazioni. Mmoja alinijia na hesabu kabisa, simu ya shemeji yake ina megapikseli 108, kamera yangu 24, kwa hiyo nimpunguzie bei mara nne na nusu. Nikaanza kumweleza kwamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha simu. Akanitazama kama muuza nyanya anayesifia zilizooza.

Wakati huo mpwa hajachoka. "Mjomba, sasa tukue."

Kukua kwenyewe ni Instagram. Tukapandisha picha, akanikataza kutaja bei, niandike "njoo inbox". Watu wakaja inbox. Wanauliza bei, nataja, wanajibu "sawa, nitakutafuta". Mpaka sasa wanaonitafuta wanajaza daladala mbili, sijui nimejificha wapi.

Picha iliyopata kupendwa kuliko zote ilikuwa ya mzee mmoja kwenye sherehe ya Tabata, anacheza, koti kalishika mkononi, furaha mpaka kwenye magego. Mkewe alijua yuko Dodoma kwenye semina. Mzee alinijia dukani hajavaa lile koti. Mpwa akanisomea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwamba mambo ya mtu yanataka ridhaa yake, akanitengenezea na fomu. Sasa nikiwapa watu fomu wasaini, wanaikimbia. "Ya nini hii, kwani tunakopa?"

Na tuambizane ukweli, kodi ya fremu hailipwi na Instagram wala harusi. Inalipwa na paspoti saizi. Mtoto wa shule, pazia la bluu, usicheke, dakika kumi, hela mkononi, faili nalifuta kesho yake. Hiyo ndiyo kazi ya maana iliyobaki duniani. Pale Mji Mkongwe, Unguja, kuna Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930. Picha za kale za pale unaziona kwa macho tu, hazikuulizi nywila. Mimi za mwaka jana naziomba kompyuta kwa kubembeleza.

Basi wiki iliyopita kaja bibi harusi wangu wa mwaka 2022. Kapendeza, kakaa, kaagiza soda kwa hela yangu. "Kaka, zile picha zangu za harusi bado unazo?"

"Zipo," nikasema, kifua mbele. Nakala tatu, bwana!

"Nataka unitolee yule mwanaume."

"Yupi?"

"Niliyeolewa naye. Gauni lile nilinunua mwenyewe, na saluni nililipa mwenyewe. Siwezi kupoteza picha nzuri kwa ajili yake. Ila ule mkono kiunoni uache, unanipa umbo."

Kazi ni kazi. Akanilipa kianzio, akaniagizia na tarehe nyingine, Desemba, anaolewa tena. Akaondoka. Nikafungua kompyuta: folda haipo. Nadhani nilijibu ndiyo siku fulani. Nikachomeka hadidiski ya dukani, ikalia kama nyenje kwenye pipa, ikanyamaza moja kwa moja. Hamna neno, tuna Chanika.

Chanika mama mkwe kanipokea vizuri, kanitengea na wali. Nikauliza kile kidude cheusi kinachokaa kabatini. "Ah, baba, kile mdogo wake mkeo alikichukua. Alisema kina nafasi kubwa, akakipeleka kule wanakoonyesha sinema."

Wali ukanikwama. Nikakimbia mpaka kibanda umiza. Mlangoni kijana ananidai mia tatu. Nikalipa, niingie kuitafuta mali yangu! Ndani giza, watu wamebanana kwenye mabenchi, kimya kabisa. Nikatazama ukutani nikitarajia Wakorea. Nikaona ukumbi ninaoujua. Zile video fupi nilizopiga siku ile mwaka 2022, zimeunganishwa: bwana harusi anachelewa, bibi harusi anautazama mlango, baba mdogo anapita na tableti, watu wanamzomea. Kijana wa muvi kaweka na sauti yake juu, anatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili: "Hapa sasa dada anajiuliza, huyu jamaa kweli ananipenda?" Mama mmoja mbele anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Ikaisha, taa zikawaka. Nikamfuata kijana, nikamweleza hadidiski ni yangu, mpiga picha ndiye mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, kumbe ni wewe! Watu hapa wananisumbua kila siku. Sehemu ya pili lini?"

Nikamwambia Desemba.