Injini au kasia: mjadala unaosahau kina cha maji

Karibu kila ziwa linalopokea wageni wa kutazama ndege na wanyama hufika siku ya ugomvi huu: boti za injini ziruhusiwe au zipigwe marufuku? Wanaotaka marufuku husema kasia halipigi kelele, halitoi moshi, halimwagi mafuta. Wanaozitetea hujibu kwamba bila injini ziwa litabaki la vijana wenye mikono ya chuma, na wenye boti watakosa riziki. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba wanabishania chombo, ilhali sehemu kubwa ya madhara huamuliwa na kina cha maji, mwendo, na umbali kutoka kwenye matete.

Kuna shtaka moja dhidi ya injini lisilo na utetezi. Injini za zamani za stroki mbili zenye kabureta huingiza mafuta mapya kwenye silinda huku tundu la moshi likiwa bado wazi, kwa hiyo takriban robo ya petroli hutoka bila kuungua. Na kwa kuwa moshi wa injini nyingi za boti hutolewa chini ya maji, petroli hiyo huishia ziwani moja kwa moja, pamoja na oili iliyochanganywa nayo. Ziwa Tahoe, Marekani, lilizipiga marufuku mwaka 1999, na sioni sababu ya ziwa lolote la maji ya kunywa kuendelea kuzivumilia. Lakini hilo ni kosa la aina moja ya injini. Injini ya stroki nne huchoma karibu mafuta yake yote na kelele yake ni ndogo zaidi.

Mawimbi ni suala gumu zaidi, na hapa ndipo sheria nyingi zinapokosea. Boti ikienda polepole hukata maji bila kuyasumbua sana. Ikiongezwa mwendo hufika mahali inapoanza kupanda wimbi lake yenyewe: omo (mbele ya boti) linainuka, tezi (nyuma yake) inazama, na nyuma ya boti maji yanabebwa kama ukuta. Ikizidi hapo hupanda juu ya maji na kuteleza, na mawimbi yanapungua tena. Kwa boti yenye urefu wa mita 6 kwenye usawa wa maji, kizingiti cha kwanza kiko karibu na kilomita 11 kwa saa. Kibao cha “mwisho kilomita 15 kwa saa” kinaiweka basi pale pale inapotengeneza mawimbi makubwa kuliko yote. Nishati ya wimbi huenda kwa mraba wa kimo chake, hivyo wimbi lililoongezeka kimo mara mbili hupiga ukingo kwa nguvu mara nne. Kipimo kinachofaa kwa nahodha ni cha macho: omo lisiinuke, na maji nyuma ya tezi yasivunjike kuwa povu jeupe. Kwa boti ya ukubwa huo, ni mwendo wa kilomita 5 hadi 8 kwa saa.

Anayelipia mawimbi hayo ni ndege kama kibisi, ambaye kiota chake ni lundo la majani mabichi linaloelea, limefungwa tu kwenye matete. Akishtuliwa, kibisi hufunika mayai kwa majani kabla ya kuondoka, na hilo humsaidia dhidi ya kunguru. Dhidi ya wimbi la sentimita thelathini halimsaidii chochote. Ndege wanaotaga juu ya majani ya yungiyungi wako katika hali hiyo hiyo.

Kisha kuna kina. Propela ikizunguka kwenye maji yasiyofika mita mbili hutibua tope, na tope la ziwa limehifadhi fosforasi ya miaka mingi. Ikipanda juu hulisha mwani. Maji yakichafuka mimea ya chini hukosa mwanga na kufa. Na bila mizizi yake tope hutibuka kwa urahisi zaidi safari ijayo. Mzunguko huo ukishaanza ni vigumu kuukata. Kwenye kina cha mita kumi, boti hiyo hiyo haifiki hata chini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kanuni moja kwa maji yote: dimbwi la matete lenye kina cha mita moja na ziwa kubwa la bonde la ufa si kitu kimoja, hata kama yote mawili yanaitwa ardhi oevu.

Sasa tulitazame kasia bila mapenzi. Mtumbwi au kayaki huelea kwenye maji ya sentimita ishirini, kwa hiyo huingia mahali ambapo boti ya injini haithubutu: ndani ya mafunjo, kwenye vichochoro ambako ndege wamejificha kulea. Na kwa kuwa haina sauti, ndege huigundua ikiwa imeshafika. Boti ya injini inayopita mita mia moja nje, kwenye njia ile ile kila siku, ndege huizoea kwa kiasi fulani. Kayaki inayomjia uso kwa uso hana namna ya kuizoea. Ukitaka kusogea, pita kwa mshazari badala ya kuelekeza omo kwa ndege, usisimame ndani ya chombo, na shingo zikinyooka zote kwa pamoja, rudi nyuma. Ukingoja waruke umeshachelewa.

Mabamba, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria nchini Uganda, ni mfano mzuri. Eneo hilo liko kwenye orodha ya Ramsar, ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, tangu 2006, na wageni huingia kwa mitumbwi kumtafuta korongo-nyangumi. Ndege huyu kwa kawaida hutaga mayai mawili na mara nyingi hukuza kinda mmoja tu, na wakati wa joto humwagia maji mayai na makinda kwa mdomo wake ili kuwapoza. Mitumbwi mitano ikimzunguka saa sita mchana, hata ikiwa kimya kabisa, inamzuia kufanya kazi hiyo. Hapo idadi na muda wa kukaa ni muhimu kuliko aina ya chombo: chombo kimoja au viwili, dakika chache, kisha kuondoka.

Kwenye maji yenye viboko ukimya wenyewe ni hatari. Kiboko anaweza kukaa chini kama dakika tano, na akiibukia chini ya mtumbwi asioujua, hupigana kwanza. Waongozaji wa mitumbwi kwenye mto Zambezi hugonga ubavu wa chombo kwa kasia ili wajulikane mapema, na hupita upande wa maji mafupi, wasije wakakaa kati ya mnyama na kina anachokimbilia. Ni mbinu nzuri, lakini inadai mwongozaji mzoefu katika kila msafara. Kwa familia yenye watoto kwenye Ziwa Naivasha nchini Kenya au mfereji wa Kazinga nchini Uganda, boti pana yenye injini ndiyo jibu la kweli, mradi kila mtu amevaa jaketi la uokozi la kipimo chake. (Lijaribu kwa kulivuta juu mabegani: likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litatoka.) Boti hiyo pia hubeba mzee, mjamzito na mwenye kiti cha magurudumu, na huwapeleka watu kumi kwa safari moja ambapo mitumbwi ingehitajika mitano.

Wapo wanaoona motor za umeme zinamaliza ugomvi. Königssee, ziwa la milimani Ujerumani, limekuwa na boti za abiria za umeme tangu 1909, kwa hiyo si ndoto. Kwa mwenye boti ndogo, hata hivyo, hesabu ni kali. Betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampea 100 (yaani ampea 100 kwa saa moja) haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu. Motor inayovuta ampea 50 kwa nguvu zote humaliza nusu hiyo chini ya saa moja. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu moja ya nane, na hapo betri hudumu. Wanaokwama ni wale wanaoondoka na upepo nyuma yao, kisha wakalazimika kurudi dhidi ya upepo wa alasiri wakiwa na betri iliyochoka. Anza kwa kwenda dhidi ya upepo, na beba kasia.

Magugu na viumbe vamizi havichagui upande. Kome milia waliogunduliwa Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada, mwaka 1988 waliletwa na maji ya uzani, yaani maji ambayo meli hubeba ili isiyumbe, lakini walienea kwenye maziwa ya ndani kwa boti zinazovutwa kwa trela. Viluwiluwi wao hawaonekani kwa macho na huishi kwenye maji yaliyobaki ngamani, chini ndani ya boti. Kipande cha gugu maji hunasa kwenye propela, na hunasa vilevile kwenye kamba ya kayaki. Kabla ya kuhamia ziwa lingine: ng’oa kila jani, mwaga maji yote ukiwa nchi kavu, kausha siku tano au zaidi, au osha kwa maji ya nyuzi 60.

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo wangu ni ya usimamizi. “Hakuna injini” ni amri ambayo askari mmoja ukingoni anaweza kuisimamia kwa masikio. Kanuni ya maeneo, mwendo na msimu inahitaji maboya, ramani kwenye gati, manahodha waliofunzwa na mtu wa kuzunguka majini; Florida, inayolinda manatii, jamaa wa nguva, kwa maeneo ya mwendo mdogo, inayo bajeti ya doria. Kwa hiyo penye maji mafupi kote na msimamizi mmoja, marufuku ya injini ni uamuzi wa busara, ikiambatana na kufunga vichochoro vya viota kwa wapiga makasia pia. Penye ziwa kubwa lenye kina, fedha ya kwanza iende kwenye maboya yanayoweka boti mita mia moja au zaidi kutoka kwenye matete, na sheria kama ile ya kibao cha kilomita 15 kwa saa ifutwe.