Vidole kumi vya zambarau ukweni

Jamani hii ilinikuta mimi mwenyewe kipindi nafanya masta ya kemia, na mpaka leo mashemeji zangu wananiita Wino.

Kazi yangu ilikuwa kuunga kapeptidi kafupi, yaani kamnyororo ka asidi amino tatu (vile vipande vinavyojenga protini), valini-prolini-prolini, kale ambako kapo hata kwenye maziwa yaliyochachushwa na bakteria fulani, kanakibana kimeng'enya kinaitwa ACE, kile kinachopandisha presha. Mimi nakabadilishabadilisha ili tumboni kasimeng'enywe kirahisi. Unaunga kipande kimoja kimoja juu ya vipunje vya rezini, aina ya plastiki, vidogo kama chumvi, na kila ukiunga unachota vipunje vichache unavitia kwenye tyubu na ninhidrini, dawa ya kupimia inayobadili rangi, unachemsha dakika chache. Ikigeuka bluu ujue haijaunga, rudia. Ikibaki njano imekubali, twende mbele. Yangu njano kila siku, mara ya kwanza tu, nikajiona fundi kuliko supavaiza.

Ijumaa jioni nimevua glavu nimpigie mchumba simu, kichupa cha ninhidrini kikaniponyoka mezani, nikakidaka kwa mikono miwili kama golikipa wa penati, chote kikanimwagikia. Nikanawa, nikaangalia, safi, nikaenda zangu. Kumbe ile kitu haina haraka. Asubuhi naamka viganja na vidole vyote kumi ni zambarau iliyoiva, utadhani nimekesha juu ya mti nakamua. Na Jumamosi hiyohiyo ndo naenda kujitambulisha ukweni.

Nikasugua limao, dawa ya meno, jiwe la kusugulia visigino, wapi! Mshenga akaniambia we weka mikono mfukoni, maneno niachie mimi. Sasa mfukoni utakaa nayo mpaka lini na pilau inakuja? Shemeji mdogo akaja na jagi na beseni anatunawisha. Kafika kwangu, kanipa sabuni, kamwaga maji, kamwaga tena, maji yanatoka meupe pee na mikono iko vilevile. Akamgeukia baba yake.

Mzee akakohoa. "Kijana, sisi hapa mtu akipiga kura anachovya kidole kimoja. Wewe umepiga ngapi?"

Hapo ningecheka tu yangeisha, lakini mimi si msomi bwana, nikaanza kueleza. Nikasema shikamoo mzee (nilishamwamkia mara mbili), hii siyo wino, ni dawa inayoshika jasho la mikono kwa sababu jasho lina asidi amino, hata polisi wanaitumia kutafuta alama za vidole kwenye karatasi.

"Polisi?" Mama mkwe huyo katoka jikoni na mwiko. "Polisi wa nini tena?"

Nikakimbilia kumtuliza, nikamwambia mama utafiti wangu ni wa dawa za presha, jamii ya kaptoprili. Akalainika kabisa, kumbe anaimeza kila siku. Ningenyamaza hapo. Nikaongeza kwamba wazo la ile dawa lilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili, na mwaka 1981 Marekani wakairuhusu. Mshenga alinikanyaga mguu mpaka kiatu kikavuka. Mama alirudisha mwiko jikoni taratibu, pilau tukala kimya, mimi peke yangu nimeletewa kijiko.

Posa walikuja kuikubali baadaye, hiyo stori nyingine.

Jumatatu naenda kwa supavaiza na peptidi yangu kifua mbele. Akauliza nimepima na nini, nikamwonyesha mikono. Akashika kichwa. "Prolini haitoi bluu na ninhidrini hata ukeshe nayo, hapo unatumia dawa nyingine ya kupimia, kloranili! Iwe imeunga isiwe imeunga, utaona njano tu!" Tukapeleka kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli, prolini mbili zimekaa wenyewe, valini haijagusa hata mlango. Yani ile ninhidrini iligoma kunionyesha rangi kwenye tyubu, ikaenda kuionyesha ukweni.